Bomba Lisilolia

Watu wengi wakisikia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, hudhani ni methali ya kutishana. Humsemea mtu aliyekosewa akanyamaza, kwa maana kwamba yuko jikoni anayapika mambo yake, na siku yakiiva watu watatafuta pa kukimbilia. Maana hiyo ipo, wala sina ugomvi nayo. Lakini methali hii ina upande wa pili usiotisha mtu, nao ni kwamba kazi kubwa aghalabu hufanyika bila kelele, na anayepima kazi kwa kelele zake atarudi nyumbani na kapu la upepo. Yaliyotokea katika karakana moja ya vioo yatatosha kuwa ushahidi.

Karakana hiyo ilibanwa kati ya mashine ya kusaga nafaka na kiwanda kidogo cha mbao. Ilikuwa na paa la bati, sakafu ya saruji iliyojaa makovu ya moto, na katikati yake tanuri la matofali lenye kimo cha mtu. Ndani ya tanuri mlikuwa na chungu kimoja kinene cha udongo. Chupa kuukuu zilizopondwa ziliingia humo zikayeyuka, nao wafanyakazi wakachovya mirija ya chuma, wakapuliza, wakatoa bilauri, mitungi na vioo vya taa. Moto wenyewe ulikuwa wa oili chafu ya magari iliyodondoka tone kwa tone, huku feni kubwa ya umeme ikiipulizia hewa mchana na usiku. Oili bila hewa ni moshi mtupu.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Umeme ulipokatika feni ilisimama, moto ukazama, na kioo kikaganda chunguni kama uji uliosahauliwa. Kioo kikiganda husinyaa, na kikisinyaa huupasua udongo uliokishika. Mwaka ule vyungu viwili vilikuwa vimekwisha pasuka. Kilichokuwa tanurini kilikuwa cha tatu na cha mwisho, kwa kuwa mfinyanzi aliyejua kuchanganya udongo ule alikuwa amefariki na hakumfundisha mtu. Mwenye karakana alikuwa ametamka bila kuzunguka.

"Hiki kikipasuka, tunafunga mlango. Mimi nitakaa nyumbani nihesabu kuku wangu."

Kuku wenyewe hakuwa nao hata mmoja, na hilo ndilo lililowatia hofu waliomjua.

Jina lake la mtaani lilikuwa Mzee Ukucha. Kila bilauri iliyokamilika aliipokea mkononi, akaigonga kwa ukucha wa kidole cha kati, akatega sikio. Ikilia vizuri ilikwenda rafuni, ikinyamaza ilikwenda pipani. "Kioo kizima huongea," alikuwa akisema. "Kinachonyamaza kina ufa." Kwa miaka thelathini sikio lile halikuwahi kumdanganya, naye akaanza kulitumia hata mahali ambapo halikuitwa. Aligonga matikiti sokoni na milango ya majirani, na nadhani aliwagonga hata watu, ingawa kwa hao hakutumia kidole.

Katika karakana alisaidiwa na vijana wawili wa damu yake. Wa kwanza alikuwa mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na sita, hodari wa mkono na hodari zaidi wa mdomo. Aliongea akipuliza, akala akiongea, na inasemekana alipolala aliendelea pale alipoachia. Walimwita Spika. Wa pili alikuwa binti yake mwenyewe, aliyemaliza masomo na kuingia kazini bila kutoa tangazo. Angeweza kushinda siku nzima na maneno manne, na mawili kati ya hayo yakawa "shikamoo, Baba." Huyo walimwita Kufuli. Mzee alimpenda binti yake, lakini moyoni alikuwa na wasiwasi naye uleule aliokuwa nao kwa bilauri isiyolia.

Sasa, wapuliza vioo wanajua jambo moja ambalo watu wengine hawalijui. Ukipuliza tufe dogo mwishoni mwa mrija mwembamba wa kioo, ukauweka mezani tufe likiwa bado la moto na mrija umepoa, mara nyingine mrija ule hulia. Hakuna anayeupuliza wala kuugusa, nao hutoa sauti moja ndefu, kisha hunyamaza tufe likipoa. Mzee Ukucha hakuupenda mchezo huo. Alisema kuongea ni kuongea, lakini kulialia bila kuguswa ni utovu wa adabu, na mrija uliofanya hivyo aliuvunja papo hapo.

Siku moja Kufuli aliuwahi mkono wa baba yake kabla haujashuka.

"Baba, nani anaupuliza?"

"Nani anapuliza nini?"

"Huu mrija. Unalia, na mdomo haupo."

Mzee aliinua tena mkono. "Mwanangu, siku tatu hujasema neno. Leo umefungua mdomo, swali lenyewe ndilo hilo?" Akauvunja mrija.

Kufuli hakubishana. Alivuka barabara akaenda kwa shangazi yake, dada wa Mzee Ukucha na mama mzazi wa Spika. Shangazi alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kilijaa redio zilizofumuliwa matumbo, na yeye aliketi katikati yake na miwani puani, akijibu maswali bila kuinua kichwa.

"Joto ndilo linalopuliza," alisema. "Hewa iliyo upande wa moto inatanuka, inaisukuma ya jirani. Ikifika kwenye baridi inasinyaa, inarudi. Inakwenda na kurudi mara nyingi sana kwa sekunde moja. Huko kusukumana ndiko wewe unakokuita sauti."

Kisha akachukua spika kuukuu ya redio, akaunganisha nyaya zake na mita, akaigonga ngozi ya spika kwa kidole. Mshale wa mita ukaruka.

"Umeona? Watu wote wanajua ukiipa spika umeme, itasema. Hawajui kwamba ukiisemesha wewe, ikanyamaza ikasikiliza, yenyewe ndiyo inayokupa umeme. Kazi ni kuipata spika inayosikiliza. Mimi nilizaa moja, huu mwaka wa ishirini na sita, bado nangoja."

Kufuli alicheka hadi akashika meza. Kisha akaitazama spika ile na kutazama upande wa tanuri. Tanuri lilikuwa na joto la kumwaga, lililotoka bure kupitia dohani tangu asubuhi hadi asubuhi.

Kosa lake lilikuwa kumwambia binamu yake. Alimweleza kwa maneno kumi na mawili, na kabla ya jua kutua mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Spika amegundua umeme wa sauti. Kwa haki nimsifu kwamba hakulala juu ya maneno. Siku ya nne alikuwa amechomelea bomba la chuma la mita mbili, akaingiza mwisho wake mmoja tanurini, na ndani yake akashindilia nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, mahali ambapo joto na baridi hukutana. Mwisho wa pili aliupanua kwa bati pana mithili ya tarumbeta, akaning'iniza spika mdomoni pake, na nyaya akazipeleka kwenye globu ndogo. Aliwaalika watu wa mashine ya kusaga, mafundi mbao na mwenyekiti wa mtaa.

Bomba lilipopata moto lililia. Lililia kwa sauti nene iliyoingia kifuani na kutikisa meno, mbwa wakabweka, watoto wakaziba masikio, na fundi mbao mmoja akaacha msumeno ukijikatia hewa. Uso wa Mzee Ukucha ulikunjuka.

"Hilo linaongea!" alipaza sauti. "Mpwa wangu, hilo linaongea!"

"Ulidhani masihara, Mjomba?"

Watu wakageuka kuitazama globu. Waya wake ulikuwa umepata wekundu kidogo, wa kuonekana kwa anayeutafuta. Hapo ndipo bilauri rafuni zilipoanza kutembea. Mtikisiko ulizisogeza taratibu hadi ukingoni, na kumi na moja zikaanguka kabla mtu hajazifikia. Mwenyekiti wa mtaa alisema, kidole kikiwa sikioni, kwamba ana mgonjwa nyumbani, na kama umeme wenyewe ndio ule, giza lina heshima zaidi. Bomba likang'olewa. Spika alieleza kwa siku mbili mfululizo kwamba tatizo lilikuwa globu.

Mzee Ukucha alitangaza kwamba habari za mabomba zimekwisha. Kufuli akamjia wakati wa kunawa mikono.

"Baba, nipe wiki mbili na kona ya nyuma."

Mtu asiyeomba kitu ni vigumu kumnyima. Mzee aliguna, na guno hilo likahesabiwa kuwa ndiyo.

Kufuli alikuwa ameona jambo ambalo wengine wote, wakiwa wameziba masikio, hawakuliona. Alimwambia shangazi yake, "Kelele ile yote ilitoka nje. Mtaa mzima umekula, globu ikalala njaa." Shangazi akavua miwani, jambo ambalo hakulifanya ovyo, akamwangalia binti huyo kwa furaha isiyofichika.

Basi Kufuli akatengeneza bomba lililofungwa kila upande. Lilianzia kwenye tanuri, likazunguka, likarudi lilikotoka, ili sauti isipate mlango. Badala ya nyuzi za kusugulia alipanga vichujio vya chai, waya juu ya waya, sitini na vitatu, na sehemu ya baridi akaizungushia mpira wa maji uliotoka kwenye pipa la kupoozea mirija. Spika mbili kubwa za shangazi alizifungia ndani ya sanduku la chuma lililokazwa kwa nati nane. Ukipenda, sema aliziweka mahali ambapo hazina la kufanya ila kusikiliza.

Mara ya kwanza bomba lilipiga mluzi kwenye kiungo. Alipaka povu la sabuni, akaona linakotokea, akaziba. Likapiga mluzi mahali pengine, akaziba. Siku ya tisa aligundua jambo: kila bomba lilivyozidi kunyamaza, mshale wa mita ulizidi kupanda. Alipoziba tundu la mwisho, sauti ilikwisha kabisa, na mshale ukasimama mahali ambapo haujawahi kufika. Nyaya akaziunganisha na betri kuukuu ya gari, na kutoka hapo kwenye kifeni kidogo cha gari, ambacho alikipachika ndani ya njia ya hewa nyuma ya feni kubwa. Kikawa kinazunguka mchana kutwa, na kwa ngurumo za feni kubwa hakuna aliyekisikia.

Wala hakumwambia mtu. Hapa sitamtetea. Kunyamaza ni hazina, lakini mwenye hazina naye hufungua sanduku siku ya haja, na siku ya haja ilikuwa imefika.

Wiki mbili zilipokwisha, Mzee Ukucha alikwenda kona ya nyuma. Aliligonga bomba kwa ukucha. Halikujibu. Akasogeza sikio, akangoja.

"Limekufa."

"Halijafa, Baba."

"Mbona halisemi?"

Kufuli alifungua mdomo, akatafuta maneno, akayakosa, akaelekeza kidole kwenye mita.

"Hiyo mita ya shangazi yako?" Mzee akatikisa kichwa. "Huyo ana redio inayoonyesha stesheni zilizofungwa zamani. Mwanangu, umejitahidi, nami sikulaumu. Lakini kitu kizima huongea. Kesho asubuhi liondoke, hapo nataka kupanga vibao."

Spika, aliyekuwa akipita, hakuweza kujizuia. "Dada, kumbe umetengeneza kufuli jingine!"

Kufuli aliinama akajifanya anafunga kiatu. Alikuwa na machozi, na hakutaka yaonekane.

Asubuhi yake, saa nne kasoro, Spika alipiga magoti mbele ya sanduku la chuma na spana mkononi. Alipofungua nati ya kwanza na kulegeza ya pili, umeme ulikatika.

Ulikatika mtaa mzima kwa mara moja. Mashine ya kusaga ilishusha pumzi ikasimama. Msumeno wa mbao ukafa katikati ya ubao, na redio zote za shangazi zikakata neno. Feni kubwa ikazunguka kwa uvivu, mara tano, mara tatu, ikatulia. Ukimya uliofuata ulikuwa mzito kiasi kwamba maji yalisikika yakidondoka pipani.

Mzee Ukucha hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia, akaitazama milango ya tanuri kama mtu anayemwangalia mgonjwa akikata roho. Miaka thelathini ya kazi yake ilikuwa ndani ya chungu kile.

Kwa kawaida Spika angekuwa amekwisha tangaza "Umekata!" mara tatu. Siku hiyo alimwona mjomba wake amekaa vile, akaona haya, akanyamaza. Na kwa kuwa alinyamaza, alisikia.

"Mjomba, nyamaza."

"Sijasema kitu."

"Basi endelea hivyohivyo."

Kulikuwa na mluzi mwembamba, wa kukereketa, uliotoka kwenye nati aliyoilegeza. Mzee, mtu wa sikio, akainuka kwenye ndoo. Matumaini yalimjaa usoni.

"Linalia! Bomba linalia! Lifungue zaidi, lipumue!"

"Hapana!" Lilikuwa neno la kelele kuliko yote aliyowahi kutamka Kufuli chini ya bati lile, na wote wawili waligeuka. "Likilia linamwaga, Baba. Kaza hizo nati, kaka. Kaza haraka."

Spika akakaza. Mluzi ukawa mwembamba zaidi, ukawa uzi, ukakatika. Na kadiri ulivyofifia, kutoka ndani ya njia ya hewa kukaanza kusikika uvumi mdogo wa kifeni kikishika kasi. Moto uliokuwa umeanza kuinama ukasimama. Kufuli alikwenda kwenye bomba la oili, akapunguza matone yalingane na hewa iliyopo, akatazama rangi ya kioo chunguni. Ilikuwa ya chungwa, na laini.

Mzee Ukucha alilikaribia bomba. Safari hii hakuligonga. Alilaza kiganja chake chote juu ya chuma, upande wa baridi, na hapo akakisikia kilichokuwa ndani: mtetemo wa kasi, wa nguvu, usiopumzika.

"Lina maneno mengi hivi," alisema taratibu, "na yote limeyameza."

Shangazi alikuja mbio na miwani yake mkononi. Mzee alimuuliza kama hiyo si betri tu inayowahadaa. Dada yake akapiga hesabu palepale: betri ile peke yake, kwa uzee wake, ingekiendesha kifeni kwa kusuasua saa tatu, isizidi.

Saa tatu zikapita, zikapita sita. Walipokezana kulala. Umeme ulirudi kesho yake saa tisa alasiri, baada ya saa ishirini na tisa, na kifeni kilikuwa bado kinazunguka.

Mzee Ukucha alichovya mrija chunguni kwa mkono wake mwenyewe, akapuliza bilauri, akaipoza taratibu kama inavyotakiwa. Ilipokuwa tayari aliigonga kwa ukucha. Ililia safi. Chungu kilikuwa kizima.

Hakuipeleka rafuni. Alimkabidhi binti yake.

"Nilidhani kinachonyamaza kina ufa," alisema. "Na wewe nilikupima hivyohivyo, mwanangu, tangu ukiwa mdogo. Nisamehe. Nilikuwa nimekosea kipimo."

Kufuli alimshika baba yake mkono. "Nami ningesema mapema, Baba," akajibu. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Jioni hiyo mwenyekiti wa mtaa alipita mlangoni, akasimama.

"Jana mtaa wote ulizima, hata nzi nilimsikia," alisema. "Kitu pekee kilichokuwa kinanguruma ni moto wenu. Mmenunua jenereta? Mbona sikusikia jenereta?"

Spika alivuta pumzi, akakunjua kifua, akafungua mdomo. Kisha akaufunga. Akasogea pembeni, akamwonyesha mwenyekiti kona ya nyuma, ambako bomba lilikuwa limelala kimya na Kufuli akipangusa vumbi juu yake.

"Muulize dada yangu," alisema. "Mimi leo nasikiliza."

Mama yake, aliyekuwa ng'ambo ya barabara, aliangusha bisibisi.

Chungu kile kiko tanurini hadi leo, na anayepita nje hasikii bomba wala hajui kama lipo, bali husikia moto ukinguruma umeme uwepo usiwepo. Kweli kimya kingi kina mshindo mkuu.